Mapengo ya Mkusanyo Wangu wa Sarafu: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Ninakusanya sarafu zilizotumika Afrika Mashariki, kuanzia riale na pesa za karne ya 19 hadi shilingi tunazolipia nauli leo. Zimo katika albamu nne, kila sarafu na kifuko chake cha plastiki. Wanaokuja kuziona hapa nyumbani Tanga, wengi wao wanafunzi na majirani, hawakai sana kwenye vifuko vilivyojaa. Kidole kinakimbilia kifuko kitupu: "Na hapa je?" Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, sasa nimeona niandike.

Una mapengo mangapi?

Leo ni 61. Ninayaandika kwenye daftari la peke yake, kila pengo na sababu yake na tarehe niliyoiandika. Daftari hilo nalithamini kama albamu zenyewe. Sarafu mtu anaweza kuinunua tena popote. Sababu ya kukosekana kwake naijua mimi, na nisipoiandika itapotea nami.

Kwa nini huna shilingi ya Malkia Elizabeth?

Kwa sababu haipo. Swali hili naulizwa zaidi ya yote, na wengine wanabishana nami kwamba babu zao walikuwa nayo. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake, ilianza na sura ya Mfalme George wa Tano mwaka 1921, ikaendelea na George wa Sita, na ya mwisho ina mwaka 1952. Elizabeth alipotawala, sarafu kubwa kuliko zote iliyofuliwa kwa ajili yetu ilikuwa senti 50, kuanzia 1954 hadi 1963. Shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu miaka ile ni za baba yake. Kwa hiyo babu alikuwa na sarafu ya malkia, ni kweli, lakini ilikuwa thumni.

Zamani niliacha kifuko kwa ajili yake. Sasa nimekiondoa, maana kifuko kitupu kinamwambia mtoto kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Na shilingi ya Tanzania ya 1967, 1968, mpaka 1971?

Hazipo pia. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu za kwanza ni za mwaka huo: senti 5 yenye sulisuli na pembe kumi na mbili, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Shilingi zilizofuliwa 1966 zilitosha miaka kadhaa, na inayofuata ina mwaka 1972. Ukiuziwa shilingi ya 1969 yenye sura ya Mwalimu, rudisha.

Watu wanadhani sarafu hutolewa kila mwaka kama kalenda. Sivyo. Hufuliwa zinapohitajika. Ndiyo maana senti 10 ya pundamilia yenye ukingo wa mawimbi ilingoja hadi 1977, wakati wenzake wa kwanza walikuwa na umri wa miaka 11.

Wewe ni mtu wa pwani. Inakuwaje huna hata sarafu moja ya Kilwa?

Hili ni pengo la kwanza kwenye albamu ya kwanza, na nimeliacha kwa makusudi.

Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba karne nyingi kabla Mreno hajaonekana. Ni ndogo, nyembamba, nyingine zimeliwa na chumvi hata zinafanana na magamba ya samaki. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimefungwa kwa kina kimoja, kama mishororo ya ubeti. Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi upya: watu wa mwambao walitia ushairi hata kwenye fedha ya kununulia samaki. Nyingi zina jina la Ali bin al-Hasan. Nyingine ni za al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu.

Nilifika Kilwa Kisiwani nikiwa kijana, kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Nikitembea karibu na msikiti mkuu, mtoto wa miaka kama kumi alinifungulia kiganja. Zilikuwemo sarafu nne nyeusi. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, sawa na kilo moja ya sukari. Nilizishika. Nakiri moyo ulinienda mbio. Kisha nikamrudishia, nikamwomba anipeleke alipoziokota, na sote wawili tukaenda kumwonyesha mlinzi wa magofu.

Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Si vya kuchimbua na kuuziana kama nazi. Lakini hata sheria isingekuwepo nisingenunua. Sarafu ya Kilwa inasema mengi ikijulikana ilikolala. Moja ilipatikana Great Zimbabwe, mbali sana barani, na kwa kulala kwake pale tu imeeleza habari za biashara ya dhahabu kuliko kurasa nyingi za vitabu. Nyingine tano aliziokota askari mmoja visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na mpaka leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa pamoja zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, na kwa kuwa zilikuwa pamoja zilisomeka kama hazina moja. Fikiria kila moja ingeokotwa na mtoto na kuuzwa kwa mgeni. Ikiingia kwenye albamu yangu itakuwa "sarafu ya Kilwa" basi, imekuwa bubu.

Wageni wakitaka kuziona, nawaelekeza makumbusho.

Na ile dhahabu ya Tabora?

Wanaoijua ni wachache, lakini wakiuliza huuliza kwa sauti ya chini. Ndiyo, nayo ni pengo, na hili ni la pesa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Waingereza ziliziba bahari, na sarafu za Wajerumani hazikuweza tena kuletwa kutoka kwao. Mwaka 1916 wakafua za kwao Tabora, kwenye karakana ya reli. Walitoa heleri 20 na heleri 5 za shaba (heleri 100 zilikuwa rupia moja), na wakatoa dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tai, wa pili una tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Herufi T chini ni ya Tabora. Zilifuliwa 16,198. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Heleri 20 ninazo sita, na ni sarafu ninazozipenda sana kwa jinsi zilivyo mbaya: chapa imekwenda upande, ukingo haukukaa sawa, taji kwenye moja ni kubwa na kwenye nyingine ni dogo. Unaona kabisa kazi ya mafundi wa reli walioambiwa leo mtafua fedha. Lakini dhahabu yake inagombewa na wakusanyaji wa Ujerumani, ambao kwao ni sehemu ya historia ya makoloni yao, na bei yake huniacha mbali.

Niliwahi kuuziwa moja, mwaka 2009. Muuzaji alinipata stendi, akanieleza habari ya babu yake aliyekuwa askari, na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nilitoa fedha nilizoweka kwa ajili ya kuezeka chumba. Sonara mzee wa mtaani kwetu aliiweka kwenye mizani bila kusema neno. Ya kweli ina uzito wa gramu 7 na ushei. Yangu ilisoma 4 na kidogo, maana ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, na shaba ni nyepesi kuliko dhahabu kwa ukubwa uleule. "Mwanangu," akasema, "macho yanadanganywa, mizani haijui maneno." Tangu siku hiyo sinunui bila kupima, na ile bandia nimeitenga kwenye bahasha yenye maandishi mekundu isije ikamdanganya mrithi wangu.

Ni kweli neno "hela" limetokana na sarafu?

Ni kweli. Wajerumani walibadili mfumo mwaka 1904, rupia moja ikawa na Heller 100, na ulimi wetu ukaifanya heleri, kisha hela. Kabla ya hapo ilikuwa pesa, 64 kwa rupia, neno lenye asili ya Kihindi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifua pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu kuanzia 1890. Mfalme wa Wajerumani na kampuni yao wote wamekwisha, majina ya chenji zao tunayatamka kila siku.

Kwa nini albamu ya Zanzibar ina mapengo kuliko zote?

Kwa sababu mbili: moto wa sonara na adabu.

Kwanza moto. Riale ya fedha ya Sayyid Barghash, yenye mwaka 1299 wa Hijria, ilikuwa fedha halisi, na fedha halisi mwambao haikai kimya. Ilikwenda kwa sonara ikawa bangili, mtali, kipini. Hali ni hiyohiyo kwa riale za kigeni zilizotangulia. Wazee waliziita kwa majina mazuri: riale ya Sham ni ile ya Maria Theresa wa Austria, na riale ya mzinga ni ya Kihispania, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana kwao kama mizinga. Ya Sham ninayo. Ya mzinga sina. Ya Barghash nimeiona mara moja, imechomelewa kwenye mkufu wa bibi harusi, na hapo ndipo mahali pake. Ninazo pesa zake za shaba zenye mizani, zinapatikana bado.

Ongeza hili kwa anayeanza: riale ya Sham huandikwa 1780 hata kama ilifuliwa jana. Mama mtawala alifariki mwaka huo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu waliamini sura ile tu, viwanda viliendelea kuifua bila kubadili mwaka: Vienna, baadaye hata London na Bombay. Aliyekuambia ya kwako ina zaidi ya miaka 240 huenda hajakudanganya kwa makusudi.

Sababu ya pili ni adabu. Mwaka 1908, enzi ya Sultani Ali bin Hamud, zilitolewa senti 1, 10 na 20 zenye mchoro wa mnazi. Hazikudumu katika matumizi. Senti 20 ya nikeli ni adimu mno, na mimi nilimfahamu mtu aliyekuwa nayo. Alikuwa mzee wa Kipemba, tukiswali naye msikiti mmoja. Alikuwa akiitoa Ijumaa baada ya chakula, tunaitazama, anairudisha kwenye kitambaa. Nilimwomba aniuzie mara moja tu. Alisema, "Hii nilipewa na mamangu nikaambiwa nisiitumie." Sikurudia. Alipofariki sikwenda kuwauliza watoto wake, wala sikumtuma mtu. Kuna waliosema nilifanya ujinga, kwamba huenda imetupwa. Inawezekana. Lakini sikuona namna ya kuingia matangani na macho ya kutafuta.

Umeandika "iliyeyuka" kwenye kifuko kimoja. Sarafu inayeyukaje?

Ni senti 1 ya alumini ya mwaka 1907, ya himaya ya Kenya na Uganda ya wakati ule. Waingereza walidhani alumini itafaa kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Haikuivumilia hewa ya huku, na 1909 wakaibadilisha kwa nikeli. Yangu niliinunua Mombasa ikiwa na madoa meupe. Nikaiweka karibu na dirisha linalotazama bahari, nikasafiri miezi minane. Niliporudi, maandishi yalikuwa unga. Sijapata nyingine. Tangu hapo albamu zinakaa kabati la ndani, na vijifuko vya kunyonya unyevu nabadilisha kila masika.

Kwa nini pesa ya 1890 ipo lakini umeihesabu kuwa pengo?

Kwa sababu niliiua. Nilikuwa na miaka 12, nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Ule weusi wa shaba niliodhani uchafu ulikuwa ngozi yake, umri wake. Maandishi ya Kiarabu yalikwenda nao. Nimeiacha mahali pake, lakini kwenye daftari nimeandika: inatafutwa.

Sarafu za mwaka 1920 na 1921 zina mkanganyiko gani?

Hapo fedha yetu ilibadilika mara mbili kwa muda mfupi. Bei ya madini ya fedha ilipanda baada ya vita, rupia ya Kihindi ikapanda nayo dhidi ya pauni, na walowezi wenye madeni wakalia. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi mbili za Kiingereza na kuitwa florini. Mwaka uliofuata florini ikaachwa, ikaja shilingi. Kwa hiyo florini ni za 1920 na 1921 tu. Ya 1921 sina.

Za Kenya na Uganda umekamilisha?

Kenya karibu zote, pamoja na zile mpya za Desemba 2018 zenye twiga, kifaru, simba na tembo, baada ya Katiba ya 2010 kuondoa sura za watu kwenye fedha. Uganda napungukiwa na shilingi 5 ya 1972. Ilifuliwa kwa wingi, ikaondolewa, na karibu zote zikayeyushwa. Sina tamaa nayo kubwa.

Mtandaoni zimejaa. Si ununue tu?

Baadhi nimenunua. Lakini picha haina uzito, na bei ya sarafu ya kawaida ikishachanganywa na gharama ya kutuma na ushuru inakuwa kichekesho. Mara nyingi zaidi nimepata kitu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wao huuza shaba kwa kilo, na ukiwa na subira ya kukaa nao asubuhi nzima unaweza kuokoa heleri tatu kabla hazijaenda kwenye tanuru.

Senti 10 ya 1936 ya Mfalme Edward si adimu. Kwa nini huna?

Edward wa Nane alitawala Uingereza kuanzia Januari 1936 hadi Desemba, akaacha kiti ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kwao hawakuwahi kutumia sarafu yenye sura yake. Sisi tulitumia senti 5 na senti 10 zenye jina lake, kwa sababu senti za tundu hazikuwa na sura, zilikuwa na jina, taji, na pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Zilifuliwa nyingi. Kwa bei ya sahani mbili za pilau ningeipata wiki hii.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitunga senti za tundu kwenye uzi wa katani na kuzifunga kiunoni ndani ya kanga. Babu alikata mkonge, analipwa kipande kikijaa siku 30, na uzi wa bibi ndio ulikuwa benki ya nyumba. Uzi ule nilirithi mimi, na sarafu 37 juu yake ndizo zilizonianzisha. Aliniambia zilikuwa 38. Moja aliitoa siku mguu wa cherehani ulipolegea na fundi akakosa waasha ya kubana boliti. Nililala chini ya cherehani hiyo na tochi: EDWARDVS VIII, inasomeka vizuri, imebanwa na nati.

Cherehani sasa anayo mama mdogo, Muheza. Anashonea sare za shule. Aliniambia, "Ukitaka itoe, baba, tutaweka waasha ya dukani." Nikamwambia iache ifanye kazi. Sitaki kununua nyingine, kwa sababu kifuko kile si cha senti 10 yoyote ya Edward. Ni cha ile, nami najua iliko.

Nina sarafu za marehemu. Nikuletee?

Lete, tutazitazama pamoja. Usizioshe, usizipake mafuta, usizifunge kwa gundi ya karatasi. Kabla hujaja waulize wazee zilikuwa za nani na zilikaa wapi, uandike hata mstari mmoja. Nitakuambia ni za nini na zinauzwa kiasi gani kwa kawaida. Kama ni ya kabla ya 1863 na iliokotwa ardhini, nitakuelekeza makumbusho. Ukiamua kuniuzia, nitakupa karatasi yenye maelezo ya kila sarafu, nami nitabaki na nakala. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye hajakubali, hata kama ni mdogo wenu wa mwisho, rudi nazo kwanza mkazungumze.